Kuosha injini ya IST iliyoganda oili: petroli, kostiki soda au mafuta ya taa?

Mwenye_IST
Wakuu, naomba mwongozo. Gari ni Toyota IST, injini 1NZ-FE. Kuanzia kwenye tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) hadi chini kwenye sampo (bakuli la oili) pameganda oili na vumbi, limekuwa tope jeusi. Nataka kuiosha nyumbani kabla ya kubadilisha gasketi. Sina mashine ya presha, nina mpira wa bustani tu. Mmoja kaniambia nitumie petroli, mwingine kostiki soda. Ipi haitaniharibia? Na tapeti kava ikishavuliwa inaoshwa na nini?

Spana_Kumi
Achana na zote mbili, mkuu. Mvuke wa petroli unadaka moto kwa cheche ndogo tu ya betri. Kostiki soda inakula aluminiamu, na bloku (mwili wa injini) na hedi (sehemu ya juu yake) ya 1NZ ni aluminiamu. Utaona inatoa povu na chuma kinageuka cheusi. Hapo uso unaokaliwa na gasketi umeshaanza kuliwa.

Chukua lita 1 ya mafuta ya taa, changanya na robo lita ya sabuni ya maji ya vyombo. Sabuni ndiyo inayofanya grisi ikubali kuondoka na maji. Mafuta ya taa peke yake yanaisambaza tu.

Injini iwe imepoa kabisa, hasa ekzosi. Chomoa betri, waya wa hasi kwanza. Alteneta, boksi la fyuzi, mdomo wa hewa na koili zote nne vifunike kwa nailoni na ufunge kwa mpira. Koili usizing'oe, zenyewe ndizo kizibo cha matundu ya plagi. Tope nene likwangue kwanza kwa kipande cha mbao. Ukilipakia mchanganyiko lilivyo utamaliza lita 3 bila kuona chuma.

Paka kwa brashi ukianzia chini kwenda juu, acha dakika 10, sugua, suuza kabla haijakauka. Maji yatiririke taratibu kutoka juu. Feni belti isiguswe na mchanganyiko huo, itapiga kelele na kuteleza.

Fundi_wa_Mtaa
Naongezea jambo ambalo wengi hawaliangalii: mipira ya breki. Mafuta ya taa yakiingia kwenye kikopo cha mafuta ya breki, sili zinavimba na breki zinaharibika. Funika kikopo hicho pia.

Tapeti kava ikiwa nje, toa gasketi ya zamani kwanza. Kava ioshe kwa maji ya moto lita 4 na sabuni ya unga gramu 100, usugue kwa mswaki. Hapa mafuta ya taa si lazima. Upande wa ndani kuna bati la kutenganisha oili na hewa, na nyuma yake maji ya sabuni hujificha. Suuza mara kadhaa, geuza, pulizia upepo wa kompresa, kisha anika juani hadi pakauke kabisa. Maji yakibaki humo yanashuka kwenye oili.

Wakati wa kufunga, mfereji wa gasketi uwe mkavu. Weka silikoni kidogo pale tu kava ya cheni inapokutana na hedi, pembe mbili. Boliti ni za spana 10, kaza kwa zamu kidogo kidogo hadi Nm 10 (kipimo cha nguvu ya kukaza). Ukizidisha, gasketi inakamuliwa na inavuja upya.

Mwenye_IST
Shukrani sana wakuu. Je, gari likianza kumisi (injini kukatakata moto) baada ya kuoshwa?

Spana_Kumi
Zima kwanza, usilazimishe. Ng'oa koili moja moja na umulike ndani ya tundu. Ukikuta maji, yapulize yatoke kabla ya kugusa plagi, la sivyo yataingia kwenye silinda. Ukikuta oili, gasketi imechoka pale inapozunguka matundu ya plagi, kwa hiyo nunua seti nzima. Futa mipira ya koili, kausha, rudisha.

Kuhusu oili ya kule chini, usikimbilie kulaumu sampo. Injini ikikauka, nyunyizia poda ya watoto kuanzia tapeti kava hadi sampo, endesha kilomita chache, kisha fungua boneti. Mstari mweusi kwenye poda ufuate kwenda juu, pale unapoanzia ndipo panapovuja. Mara nyingi oili ya sampo imetoka kule juu kwenye kava.

Na yale maji machafu yasiende mtaroni. Tandaza maranda chini ya gari kabla ya kuanza, yanafyonza grisi.