Mapishi ya nyumbani: daftari, kadi au simu? Kipi kinasaidia kupanga chakula cha wiki

MamaUyole
Habari zenu wadau. Mama yangu mzazi amehamia kwangu kutoka Tukuyu, na mapishi yake yote yako kichwani. Nimeanza kuyaandika ila yamesambaa: mengine nyuma ya risiti, mengine sauti za WhatsApp, mengine kaniambia tu nikimenya ndizi. Jumamosi narudi kutoka soko la Mwanjelwa hapa Mbeya kapu limejaa, ikifika Jumatano sijui nipike nini. Tuko saba nyumbani.

Daftari la kaunta nimelitumia miezi miwili. Mama analisoma mwenyewe na halihitaji chaji. Tatizo, kande niliziandika ukurasa wa 4, kande za karanga zikaangukia ukurasa wa 31, kwa hiyo kupanga wiki ni kufunua daftari zima.

Kadi nimekata kwenye maboksi. Nachomoa saba, nazipanga mezani, wiki imekwisha. Ila zinalowa mafuta, na ile ya mbalaga, ndizi za Kinyakyusa, imeshapotea.

Simu: nikiandika "usipa", wale dagaa wa Ziwa Nyasa, yanakuja mapishi yote ya usipa. Lakini mikono ikiwa na unga siishiki, na mama haigusi kabisa.

Ninyi mnatumia nini?

Mwalimu_Kihesa
Mpe mama shikamoo yangu. Mimi ni wa kadi, ila usizipange kwa aina ya chakula, zipange kwa muda wa jikoni. Fungu langu la kwanza ni vya kuloweka tangu jana yake: maharage, kande. La pili ni vya jioni nikitoka kazini nimechoka: mayai, dagaa, majani ya maboga. La tatu ni la Jumapili.

Na muda uandike wa hapa kwetu. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, ndiyo maana maharage yanachelewa kuiva. Iringa nayo iko juu, hatupishani sana. Nilinakili maharage ya wifi yangu wa Dar, kaandika saa moja na nusu. Watoto walikula saa nne usiku, na mkaa ukaisha. Tangu siku hiyo kila kadi ina muda nilioupima mwenyewe.

Mjukuu_Kyela
Naitetea simu, kwa sababu moja. Bibi yangu hayupo tena, ila ninayo sauti yake akieleza ndizi za maziwa: "Usikoroge, tikisa sufuria." Ningeandika kwenye kadi ningeandika "pika hadi ziive" na kile alichokijua yeye kingepotea. Mrekodi mama akiwa anapika, siyo akiwa amekaa sebuleni, maana jikoni ndiko anakokumbuka. Kisha usiiache sauti kwenye simu moja. Mtumie na ndugu yako.

BabaWawili_Makambako
Nakubali, ila sauti haipangi wiki. Kwangu ni karatasi moja ukutani yenye siku saba, na inaanza na vinavyoharibika. Usipa wabichi na mchicha ni Jumamosi na Jumapili. Kabichi, viazi na maharage vinasubiri hadi Alhamisi bila shida. Hilo peke yake limepunguza vya kutupa.

Jambo lingine ni vipimo. "Kiganja" na "kiasi" havimsaidii mtu mwingine. Kila mama anapotaka kutia kitu, kipitishe kwanza kwenye kikombe kilekile cha chai, uandike.

MamaUyole
Asanteni sana, mmenifungua. Daftari naliacha. Kadi nazipanga kwa muda kama alivyosema Mwalimu, sauti nitaanza kesho kande zikiwa motoni.

Hilo la vipimo nimelijaribu jioni hii. Nimemwomba mama amimine chumvi ya kiganja chake kwenye kijiko: vijiko viwili vya chai. Cha kwangu kimoja na nusu. Miaka yote nilikuwa nafuata "kiganja" na maharage yangu hayafanani na yake.

Mjukuu, nisaidie moja: hizo ndizi, maziwa bibi alitia saa ngapi?

Mjukuu_Kyela
Mwisho kabisa dada, ndizi zimeshaiva na moto umeupunguza, la sivyo yanakatika. Nimeisikiliza tena sasa hivi kuhakikisha.