Naomba ushauri: glezi juu ya kabati la nakshi
Asalaam alaykum jamani, nna kabati la nakshi hapa Chake, Pemba, nishalipiga rangi nyeupe ya mafuta imekauka, sasa nataka nilipake glezi ya kahawia (ile rangi nyepesi inayoonyesha rangi ya chini) halafu nifute na kitambaa ibaki mule ndani ya maua tu lionekane la kizamani (bi mkubwa anauliza kwani nalizeesha la nini, lakini ndo wateja wanavotaka). Nipige kwanza msasa laini au vanishi nyembamba? Maana glezi ya maji juu ya rangi ya mafuta inateleza inafanya matone, na ile ya mafuta kwa unyevu huu wa masika haikauki upesi, vumbi lote linaganda. Na mlango mpana nifute vipandevipande au vipi, isije ikaacha mistari? Mafundi nijibuni, mwenyewe analitaka kabla ya Idi.