Gari "linalojiendesha": linajiendesha au limetumwa?

Kizibo: Wakuu, nisaidieni. Kila siku naambiwa gari fulani linajiendesha lenyewe. Kitu kilichoandikiwa na mtu kila cha kufanya kinajiendeshaje? Ile gavana ya James Watt ya mwaka 1788, kifaa cha kudhibiti mwendo wa injini ya mvuke, ilikuwa hivyohivyo: injini ikikimbia, vitufe viwili vinatanuka, mvuke unabanwa, hakuna aliyegusa kitu. Nayo ilikuwa huru? Mimi naona ni utumwa uliopakwa rangi.

BintiMizani: Unachanganya kujiendesha na kujiamulia. Kigiriki *autos* ni mwenyewe, *nomos* ni sheria, yaani anayejitungia sheria. Gari halijitungii, halitaamka siku moja likagoma. Lakini gavana haitazami nje. Perseverance, ile roboti ya NASA, ilipotua Mars Februari 2021, ishara ya redio ilihitaji dakika kama 11 kufika Duniani, na kushuka kwenyewe ni dakika 7 hivi. Kwa hiyo ilipiga picha za ardhi, ikalinganisha na ramani yake, ikachagua pa kukanyaga. Waliokuwa Duniani walipata habari mambo yamekwisha.

Kizibo: Na ramani ilichora yenyewe?

BintiMizani: Na wewe Kiswahili ulijitungia?

Tausi wa Chuma: Mars mbali jamani, tazameni ndege. Rubani wa leo akisharusha anawasha otopailoti, mtambo wa kuongoza ndege yenyewe, anangoja chai. Analipwa kwa kuvaa kofia.

Kiti cha Kulia: Ati chai! Miaka tisa niko kwenye kazi hii ya urubani na bado nasikia hadithi hiyo. Huo mtambo rubani Mmarekani Lawrence Sperry aliuonyesha karibu na Paris mwaka 1914, mikono juu, fundi wake anatembea kwenye bawa, ndege imetulia. Zaidi ya miaka 100 mnatuzika na hatufi. Mtambo unashika kimo na mwelekeo tuliouwekea. Radi ikiwa mbele, nani anaamua tupitie wapi?

Tausi wa Chuma: Pole, nimegusa kidonda. Ila zile ndege mbili za Boeing 737 MAX zilizoanguka, watu 346 wakafa, si otopailoti iliwazidi nguvu marubani?

Kiti cha Kulia: SIYO OTOPAILOTI. Kabla ya kuandika soma. Ule ni MCAS, mfumo wa kompyuta wa kushusha pua ya ndege, na hufanya kazi otopailoti ikiwa imezimwa. Kihisi kimoja, cha kupima pembe ya ndege dhidi ya upepo, kilidanganya, mfumo ukaamini, ukasukuma pua chini, marubani wakainua, ukasukuma tena. Wale wa ajali ya kwanza, Oktoba 2018, hata hawakuwa wameelezwa kwamba kitu hicho kimo ndani ya ndege yao.

BintiMizani: Basi huo haukuwa huru, ulikuwa mbishi. Ulipewa mkono, haukupewa macho ya kutosha.

Kizibo: Ahaa, kwa hiyo sasa uhuru ni macho? Dakika tano zilizopita ulikuwa sheria. Chagua moja dada.

BintiMizani: Vyote viwili, na usiniharakishe.

Mwanasheria Kijiwe: Mnapoteza muda. Swali ni nani anakwenda mahakamani. Mji wa Tempe, Arizona, Marekani, Machi 2018: gari la majaribio la kujiendesha la Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka na baiskeli. Vihisi vilimwona sekunde zaidi ya 5 kabla, programu ikawa inabadili mawazo: gari, kitu kingine, baiskeli. Aliyeshtakiwa? Msimamizi aliyeketi kwenye usukani. Kampuni haikushtakiwa kwa jinai. Mashine inasifiwa kuwa huru mpaka damu imwagike, hapo ghafla inapata dereva.

Tausi wa Chuma: Si alikuwa anatazama simu?

Mwanasheria Kijiwe: Ndiyo, na kosa lake silifuti. Lakini ukimwambia mtu gari linajua kazi, ukamlipa akae bila kufanya lolote kwa saa nyingi, usishangae macho yakizurura.

Kiti cha Kulia: Hapo umesema, mkuu. Kukodolea macho kitu kisichokosea ni kazi ngumu kuliko kurusha ndege. Ndiyo maana chai ipo.

Tausi wa Chuma: KUMBE IPO!

Kizibo: Nilileta swali la uhuru, nimerudishiwa kikombe.

Kiti cha Kulia: Kahawa, tena. Chai ni ya abiria.