Mpeasi wa uani: Seckel, Bartlett au Moonglow?

MamaZawadi
Habari zenu wapendwa. Nipo Lancaster, Pennsylvania. Nataka kupanda mpeasi nyuma ya nyumba, lakini uwanja wenyewe ni mita 6 kwa 5, na nusu nimeshapanda lengalenga na maharagwe. Bibi jirani kanionjesha Seckel: kapeasi kadogo, unakang'ata mara mbili kameisha, wekundu upande uliopigwa jua, utamu wake una harufu ya viungo. Kwenye vitalu naona zaidi Bartlett. Mwingine ananiambia Moonglow. Nipande upi?

Fundi_Miche
Seckel, bila kusita. Hapo uko kwao, mama: ulianzia karibu na Philadelphia zaidi ya miaka 200 iliyopita. Bartlett asili yake ni Uingereza, huko wanauita Williams.
Tofauti kubwa ni ule ugonjwa wa bakteria unaoingia kwenye maua majira ya kuchipua. Tawi linakuwa jeusi kana kwamba limepita motoni, ncha inajikunja, majani yanakauka na hayaanguki. Bartlett unaushika haraka sana. Seckel na Moonglow wanavumilia. Ukiuona, kata sentimita 30 chini ya palipokauka, usafishe mkasi kwa spiriti kila mkato. Na usimwage samadi nyingi! Machipukizi laini ndiyo yanayoliwa kwanza.

Kasongo243
Mimi napinga kidogo. Bartlett tunda ni kubwa, watoto wanashiba. Si apande yote miwili ili ichavushane?

Fundi_Miche
Hapo sasa ndipo watu wengi wanapokwama, ndugu Kasongo. Seckel na Bartlett havichavushani, hata vikichanua siku moja na nyuki wapo tele. Seckel peke yake unazaa kiasi; ukitaka matunda ya kutosha mpe Moonglow.

Kasongo243
Sawa, nimekubali. Lakini uwanja wa mita 6 kwa 5, miti miwili?

Shangazi_Neema
Mwanangu, si lazima miwili. Nunua Seckel uliobebeshwa, yaani uliounganishwa, kwenye shina la chini la mti mwingine linaloufanya uwe mfupi, halafu baadaye ubebeshe tawi moja la Moonglow juu yake. Shina la mkwinsi (mti mdogo wa ukoo wa mpeasi) linafupisha zaidi, ila mizizi yake haishiki vizuri, kwa hiyo weka nguzo. Ukibebeshwa kwenye OHxF 87, aina nyingine ya shina la kufupisha, mti unakuwa mkubwa kiasi lakini unasimama wenyewe. Matunda tegemea mwaka wa 3 hadi wa 5.
Kuchuma: liinue tunda mpaka lilale. Kikonyo kikikatika chenyewe, tayari. Bartlett ukiiacha iivie mtini inaoza kuanzia katikati huku nje ikipendeza. Seckel inaweza kuivia mtini.

Mpare_wa_Lushoto
Huku kwetu mapeasi yapo sokoni. Nikiletewa kijiti cha kubebesha cha Seckel kitashika?

Fundi_Miche
Kushika kitashika, kuzaa ndiyo kazi. Seckel unataka saa mamia za baridi chini ya nyuzi 7 ndipo uchanue sawasawa, na baridi ya Lushoto, pamoja na makoti yenu, haifiki huko. Bebesha kutoka kwenye mti wa jirani unaozaa hapo hapo. Tena vijiti kusafirisha bila kibali cha mimea usijaribu.

MamaZawadi
Asante shangazi, asante fundi. Kuna kitalu kinauza Bradford bei chee, nao ni mpeasi?

Shangazi_Neema
Ule wa mapambo! Matunda yake ni ya ndege, na Pennsylvania imepiga marufuku kuuuza tangu 2024. Huyo muuzaji mkimbie.