Jimu za Paje: wenyeji tunakumbukwa masika tu!

Jamani, hili nimelivumilia vya kutosha. Jimu na madarasa ya yoga yanaota kila uchochoro kuanzia Paje hadi Jambiani, huku pwani ya mashariki ya Unguja, halafu mwenyeji akiuliza bei anaonyeshwa ubao: dola 10 kuingia mara moja. Mwanamke anayeuza mwani kwa kilo azitoe wapi dola 10 za kunyanyua vyuma? Na kanuni za serikali za mwaka 2025 zimeshakataza bei za huduma ndani ya nchi kutangazwa kwa fedha za kigeni. Ubao haujaondolewa, umepakwa rangi mpya tu.

Lililonichoma zaidi ni saa za wanawake. Jimu niliyokuwa nakwenda ilitutengea muda wetu, baada ya sala ya alasiri hadi karibu na magharibi. Linashushwa pazia la turubai upande wa pwani, wanaume wote wanatoka, tunatundika mabuibui kwenye misumari, tunafanya mazoezi kwa raha zetu. Walikuwamo kina mama wenye sukari na presha, walioambiwa na daktari wasikae tu. Shangazi yangu ana goti bovu, na alikuwa ameshaanza kuinuka kitini bila kushikwa mkono.

Ulipoingia msimu wa kaskazi, wageni wa kaiti, wale wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na tiara, wakajaa, pazia likakunjwa. Tukaambiwa muda ule una wateja, sisi tuje saa nane mchana. Saa nane, chini ya bati! Na pazia halishushwi tena, eti wageni wanataka kuiona bahari wakiwa juu ya mashine ya kukimbilia. Shangazi amerudi kukaa barazani.

Msiniambie twende ufukweni ni bure. Upepo ukivuma, ufukwe wa Paje ni kamba za kaiti huku na huku, na mwanamke wa hapa hawezi kuruka ruka mbele za watu. Barabarani nako ni bodaboda na magari ya watalii.

Vijana wetu je? Wapo wanaojua kazi, wamefundisha vikundi vya mazoezi miaka na miaka. Wanapewa kufagia na kukunja mikeka ya yoga, darasa anapewa mgeni aliyekuja likizo, anayefundisha ili alale bure.

Kila Januari 1 tunahimizwa mazoezi Zanzibar nzima, vikundi vinatembea hadi uwanjani, viongozi mbele. Naunga mkono kwa moyo wote. Lakini ukirudi kijijini unafanyia wapi?

Halafu mvua za masika zinaanza, hoteli zinafunga, jimu inabaki na mashine na mbu. Hapo ndipo simu zinapoanza kulia: dada karibu, kuna ofa ya wenyeji, elfu thelathini kwa mwezi. Kumbe bei ya shilingi wanaijua! Ikifika Juni, kusi likianza kuvuma na wageni wakarudi, ofa imekwisha na sisi nje.

Tunataka bei ya shilingi mwaka mzima, saa za wanawake zirudi na pazia lake, na walimu wa hapa waajiriwe kwa mkataba. Walioondolewa kwenye saa zao Nungwi, Kendwa, Jambiani au popote, andikeni hapa ni kijiji gani na mliambiwa nini. Tunakusanya malalamiko tuyapeleke kwa masheha, viongozi wa serikali wa shehia zetu, na safari hii tunakwenda kina mama wenyewe.