Mrejesho: mwanangu wa miaka 3 aliyekuwa hasemi

Assalaam alaykum. Ni mie wa Wete, Pemba, niliyeuliza kuhusu mwanangu anayevuta mkono na kuonyesha kidole tu, hasemi. Ahsanteni nyote.

Uliyesisitiza apimwe masikio kwanza, Mungu akulipe. Alikuwa na maji nyuma ya ngoma ya sikio, na mie nikidhani ni kiburi! Katibiwa, sasa ukimwita kutoka uwani anageuka.

Mtaalamu wa matamshi tumemfuata Unguja mara mbili tu, nauli ya boti imetushinda. Zoezi alilotupa ndilo lile lile mliloniambia: namshikia matunda mawili, nauliza "embe au ndizi?", kisha nanyamaza, nahesabu moyoni hadi 10. Kunyamaza ndiko kugumu, maana bibi yake humjibia. Wiki ya tatu akasema "embe". Nikamrudishia: "Embe bivu!" Sasa ana maneno kama 20.

Kuunganisha mawili bado, ila "mama njoo". Kumzuia asitazame simu nako hatujaweza, baba yake ndiye mkaidi. Ushauri wa kumkata uzi wa chini ya ulimi sikuufuata. Mtaalamu aliutazama uzi huo, akasema hauna tatizo.