Kiingereza cha kila siku: darasa la jioni, kadi za maneno au kusikiliza na kufuatisha? Tulinganishe

AbiriaWaKimara
Wakuu, habari za jioni. Naomba tulinganishe njia tatu za kujifunza Kiingereza cha dukani, ofisini na kwenye simu. Cha mtihani tukiache. Kwanza, darasa la jioni siku tatu kwa wiki. Pili, kadi za maneno, za karatasi au za kwenye simu. Tatu, kusikiliza vipindi kwa hedifoni na kufuatisha, yaani kusema nyuma ya msemaji ukimwiga. Muda uliopo ni dakika 45 ndani ya basi la mwendokasi la Dar es Salaam kutoka Kimara hadi Kivukoni, na nusu saa usiku nyumbani. Sarufi ya sekondari ipo. Tatizo ni maneno kugoma kuja mdomoni, na yakija, anayesikiliza anaomba urudie. Ipi inalipa?

KadiZaManila
Kwa msamiati, kadi haina mpinzani, ila ikitengenezwa vibaya ni kazi bure. Kosa linalojirudia: mbele umeandika "borrow", nyuma "azima", basi. Kwetu anayetoa anaazima na anayepokea anaazima. Matokeo yake mtu anapatia kadi hiyo mara ishirini, halafu akikutana na mtu anamwambia "borrow me your charger". Andika sentensi nzima yenye pengo: "Can I ___ your charger?" na kadi nyingine "Can you ___ me your charger?" Nyuma weka jibu ("borrow" kwa ya kwanza, "lend" kwa ya pili), silabi yenye mkazo kwa herufi kubwa, na maana.

Ni hivyo hivyo kwa "piga". Sisi tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga mswaki. Mwingereza ana kitenzi kingine kila mara: "make a call", "take a picture", "iron a shirt", "brush your teeth". Ukijifunza neno mojamoja utabaki unatafsiri kichwani, na tafsiri ndiyo inayochelewesha mdomo. Jifunze kipande kizima. Ndiyo maana mtu anasema "I'm dropping at Ubungo" akimaanisha anashuka, wakati anayeshuka kwenye basi ni "getting off".

Vipimo: manila ya ukubwa wa A4 inatoa kadi 8 zinazoenea mkononi. Kadi mpya 10 kwa siku zinatosha. Pitia kila kadi baada ya siku 1, 3, 7, 14, kisha 30; ukikosea inarudi mwanzo. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 kwamba kusahau huenda mbio siku za mwanzo kisha hupungua kasi, ndiyo sababu nafasi zinapanuka. Mwenye Android apakue AnkiDroid, ni bure na inapiga hesabu hiyo yenyewe. Kinachowaangusha wengi ni kumwaga kadi mpya wakati za zamani zimerundikana. Ukiona zimefika 150 za kupitia, funga mlango wa kadi mpya wiki nzima.

SikioKwanza
Kwenye vipande niko na mwenye manila. Kwenye mpangilio napinga. Mswahili akiliona neno la Kiingereza kabla ya kulisikia, tayari ameshalisoma Kiswahili, na kulifuta ni kazi kuliko kulijifunza upya. Lugha yetu unaisoma kama ilivyoandikwa. Yao ina herufi 26 na sauti zaidi ya 40. Sisi tuna irabu 5; matamshi ya Uingereza yanayofundishwa sana yanahesabiwa irabu 20 hivi, ukichanganya na zile pacha, mbili zinazotamkwa kwa pamoja kama moja. Kwa hiyo "cat", "cut" na "cart" zote tunaziangushia kwenye "a" yetu moja.

Zitenganishe hivi. "Cut" iko karibu na "a" yetu, ila ikatwe fupi. "Cat": anza kama unasema "e" ya "meza", kisha shusha taya bila kurudisha ulimi nyuma. "Cart": "a" ndefu, ulimi nyuma. Kwa "sheep" tumia "i" ya "kiti" na uivute. "Ship" ni fupi, midomo imelegea, ulimi umeshuka kidogo kuelekea "e".

Lakini kinachofanya urudishwe kurudia mara nyingi ni mkazo, irabu zinafuata nyuma. Mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho, nasi tunaubeba kwenda nao kwao: cus-TO-mer, ma-NA-ger, de-ve-LOP-ment. Wao ni CUS-to-mer, MA-na-ger, de-VE-lop-ment. Silabi zisizo na mkazo wanazimeza. "Vegetable" inabaki VEJ-ta-bl, "comfortable" KAMF-ta-bl. Maneno yenye "-tion" au "-ic" mwishoni, mkazo mara nyingi unakaa silabi inayotangulia: infor-MA-tion, eco-NO-mic.

Kingine ni irabu tunayobandika mwishoni. "Bank" inakuwa benki, "desk" deski, kwa sababu kinywa chetu hakipendi kufunga neno kwa konsonanti. Badala ya kupigana nacho, kitumie: unganisha konsonanti na irabu ya neno linalofuata. "Pick it up" iseme pi-ki-tap. Wenyewe wanaunganisha hivyo hivyo, nawe umepata silabi wazi ulizozizoea.

Na tuache kujidharau, mtaji upo. "Think" ina "th" ya "thamani", "this" ina "dh" ya "dhahabu". Wazungu wengi wanaojifunza Kiingereza hawana sauti hizo. Anayesema "samani" akimaanisha thamani, aanzie kwenye Kiswahili chake. "Singer" ina "ng'" ya "ng'ombe", "finger" ina "ng" ya "ngoma".

BandoLimeisha
Haya yote ya kusikiliza yanakula bando. Au kuna njia?

SikioKwanza
Video ndiyo inakula. Sauti tupu ya dakika 6 kwa kilobiti 64 kwa sekunde haifiki MB 3. Pakua za wiki nzima penye wi-fi. 6 Minute English ya BBC Learning English ni bure na ina maandishi yake, na bila maandishi hakuna kufuatisha.

Kufuatisha kwenyewe: kata kipande cha sekunde 30 hadi 60, si kipindi kizima. Sikiliza mara mbili bila kusoma. Mara ya tatu shika maandishi, pigia mstari kila silabi iliyopanda. Kisha sema pamoja na msemaji, umfuate nyuma kidogo kama mwitikiaji wa kwaya, mara tano. Mwisho jirekodi peke yako na ulinganishe. Kikikushinda, punguza kasi hadi 0.75; chini ya hapo sauti inavutika na utaiga kitu kisichokuwepo.

MwalimuJioni
Naona darasa limesahaulika, na sitalitetea kwa jumla. Piga hesabu kabla ya kulipa. Wanafunzi 25, saa moja: hata mwalimu akinyamaza kabisa, kila mmoja anapata chini ya dakika 2 na nusu za kuongea. Wakiwa 6, ni dakika 10. Idadi hiyo ni muhimu kuliko matangazo ya "ongea kwa siku 30" yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme.

Omba kukaa kipindi kimoja kabla ya kutoa hela. Kama mwalimu anaandika ubaoni na darasa linaitikia kwa pamoja, ondoka, maana kwenye sauti ya pamoja kosa lako halisikiki. Kama anamsimamisha mtu mmoja na kumrekebisha "worked" papo hapo, lipa. Neno hilo ni silabi moja, mwisho wake ni "t". "Played" inaishia na "d". Ni baada ya "t" au "d" tu, kama "wanted", ndipo silabi inaongezeka. Wengi wanasema "wok-ed" miaka na miaka kwa kuwa hakuna aliyewasimamisha. Simu inaweza kukuchezea sauti sahihi, lakini wewe mwenyewe sikio lako limeshazoea kosa lako.

KadiZaManila
Mwalimu, hapo umenigusa. Ila asiye na ada ajaribu kuandika kwa sauti kwenye kibodi ya simu. Weka lugha Kiingereza, tamka "ship", tazama kilichoandikwa. Neno mojamoja tu. Ukitamka sentensi nzima, simu inabahatisha kwa maana na kukupa maksi usizostahili.

MezaYaMapokezi
Kwa wanaohudumia wateja, msamiati mgumu si shida kubwa. Yanayoleta hasara ni madogo.

Saa: saa mbili asubuhi kwao ni "eight". Ongeza au toa sita, lakini usiwe unahesabu mteja akiwa mbele yako. Tengeneza kadi 12, upande mmoja mchoro wa saa ya mishale, wa pili jibu. Usiandike saa ya Kiswahili popote kwenye kadi hiyo.

Bei: "fifteen" na "fifty". Ya kwanza mkazo uko mwisho na "n" inasikika, fif-TEEN. Ya pili mkazo uko mbele, FIF-ty. Ukiwa na shaka taja tarakimu mojamoja: "one five" au "five zero".

"Can" na "can't": kwenye "I can go" ile "can" inamezwa kabisa, "kn". Ukiitamka kwa nguvu kuonyesha uhakika, msikilizaji anaweza kusikia hauwezi.

Na "hotel". Kwetu hoteli ni hata pa kula wali maharage. Ukimwelekeza mgeni mwenye njaa, sema "restaurant".

AbiriaWaKimara
Shukrani wakuu. Basi nachukua hivi: sauti ya neno kwanza, kadi baadaye, darasa nikipata la watu wachache. Swali la mwisho: ndani ya mwendokasi watu wamebanana, kufuatisha kwa kunong'ona kunafaa?

SikioKwanza
Kwa mkazo na kasi kunafaa. Kwa konsonanti hapana, maana unaponong'ona nyuzi za sauti hazitetemeki. "Z" inageuka "s", "g" inageuka "k", na "bag" inakaribia kuwa "back". Garini sikiliza na usogeze midomo tu. Usiku toa sauti kamili, kidole kooni: kwenye "bag" mtetemo uendelee mpaka mwisho na "a" ivutwe kidogo, kwenye "back" ikatike ghafla. Anza na jozi tano: bag na back, pig na pick, prize na price, bed na bet, leave na leaf.